Kibali Kimo Mkononi mwa Nani?

Miji iliyouzunguka Mlima Kenya hutoa watu na kupokea watu kwa wakati mmoja. Muuguzi aliyesomea Tumutumu au Mathari huenda Uingereza kwa viza inayomtegemea mwajiri aliyemdhamini. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Othaya hufanya kazi Marekani kwa viza ya H-1B, ambayo hutolewa kwa miaka mitatu na kwa kawaida haivuki sita. Huku nyumbani nako kuna mtafiti mgeni katika hifadhi za Laikipia, fundi wa mitambo aliyekuja na kampuni ya barabara, mhadhiri kutoka nchi jirani, mfanyabiashara mwenye duka Karatina. Kila mmoja wao ana kibali chenye tarehe ya mwisho, na kila mmoja anaweza kupenda, akaoa au akaolewa, kabla tarehe hiyo haijafika. Hapo minong'ono huanza. Majirani huuliza kama haya ni mapenzi au ni makaratasi, na ofisa wa uhamiaji huuliza swali lile lile kwa lugha ya fomu.

Naona swali hilo limepewa uzito kupita linavyostahili. Liko swali jingine ambalo halina uhondo wa umbeya, na ndilo linaloamua maisha ya watu hawa: kibali kikitoka mkononi mwa mwajiri, kinaingia mkononi mwa nani? Mgeni mwenye viza ya kazi anaishi kwa hisani ya mwajiri. Mwenye H-1B akiachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 kutafuta mwajiri mwingine, kubadilisha hali yake au kufunga virago. Kibali cha Kenya cha daraja D nacho hutolewa kwa kazi fulani kwa mwajiri fulani. Watu huiona ndoa kuwa mlango wa kutoka katika utegemezi huo, na kwa muda mrefu ni kweli. Lakini katika miaka ya mwanzo sheria nyingi, yetu ikiwamo, hukichukua kile kibali kutoka kwa mwajiri na kumkabidhi mume au mke. Mgeni mwenyewe bado hana kitu mkononi. Hoja yangu ni kwamba ndoa halali inapaswa kumpa mgeni makao anayoyashika yeye, tena mapema, na kwamba kucheleweshwa kwake hakuzuii udanganyifu ambao sheria inadai kuuzuia.

Tuanze na yetu. Chini ya katiba ya zamani, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuomba na kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Binti wa Mukurwe-ini aliyeolewa na Mjerumani au Mghana alilazimika kuishi na mume ambaye makao yake yalikwenda na kazi. Kazi ikiisha, nyumba nzima ilianza kufikiria ndege. Watoto wake wakizaliwa ng'ambo, uraia ulifuata baba. Katiba ya 2010 iliuvunja ukuta huo. Ibara ya 14 inamfanya mtoto kuwa raia iwapo mama au baba ni raia, awe amezaliwa Nyeri au Boston. Ibara ya 15 inasema mtu yeyote aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki, akiomba, kusajiliwa kuwa raia. Haibagui mume wala mke. Ibara ya 13 inaongeza kwamba uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa ndoa kuvunjika. Ukiilinganisha na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, iliyompa nafasi hiyo mwanamke aliyeolewa na raia bila kumpa mwanamume aliyeoa raia, Kenya ilipiga hatua ndefu.

Kati ya harusi na ile miaka saba ndipo penye shida. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, katika kifungu cha 37, inataja wanaoweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mwenye vibali vya kazi ni lazima awe navyo kwa miaka isiyopungua saba, na mitatu ya mwisho awe ameishi Kenya mfululizo. Aliyefunga ndoa na raia anahitaji miaka mitatu ya ndoa. Kwa hesabu, ndoa inafupisha safari kwa zaidi ya nusu, na hilo ni jema. Lakini katika miaka hiyo mitatu mgeni ana njia mbili. Anaweza kubaki na kibali cha kazi, yaani kubaki chini ya mwajiri, kana kwamba hakufunga ndoa. Au anaweza kuchukua pasi ya mtegemezi, ambayo huombwa kwa jina la mwenzi aliye raia, kwa nakala ya kitambulisho chake na barua yenye sahihi yake. Pasi hiyo haimruhusu mtu kufanya kazi ya mshahara. Akitaka kufanya kazi, arudi tena kutafuta kibali. Na anayefanya kazi bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Tuitazame hali hiyo kwa mtu mmoja wa kubuni, muuguzi mgeni aliyekuwa na kibali katika hospitali moja ya kaunti hizi, kisha mkataba wake ukaisha miezi mitano baada ya harusi. Ana mume Mkenya, ana nyumba Nanyuki, ana ujuzi ambao zahanati zinauhitaji. Kisheria sasa ni mtegemezi. Hawezi kutia mfukoni hata mshahara wa zamu moja. Mume akiwa mwema, watavumilia hadi miaka mitatu itimie. Mume akigeuka, ana silaha ambayo hakuinunua wala kuiomba: anaweza kukataa kutia sahihi. Hahitaji kumpiga mtu. Inatosha kusema pasi ikiisha sitaandika barua nyingine.

Sheria yetu haijakosa huruma; imekuwa nayo nusu. Ile ya 2011 inamkumbuka mjane: aliyefiwa na mwenzi raia kabla ya miaka saba hafungiwi mlango wa uraia, kwa masharti yaliyowekwa. Bunge lilitambua kwamba kifo kinaweza kumnyang'anya mgeni mdhamini bila kosa lake. Kwa aliyetelekezwa au anayepigwa hakuna kifungu kama hicho, na anayeomba uraia kwa ndoa ni lazima ndoa iwe bado hai siku anapoomba. Kwa hiyo mke aliyevumilia miaka sita na nusu ya mateso ana sababu ya kisheria ya kuvumilia miezi sita zaidi. Sioni sababu yoyote ya busara ya kumhurumia aliyefiwa na kumwacha aliyefukuzwa, kwa kuwa wote wawili wamempoteza mdhamini bila kupenda.

Jambo la pili la nyumbani ni tarehe, na katika kaunti zetu lina uzito wa pekee. Miaka mitatu na miaka saba huhesabiwa tangu ndoa, na ndoa zetu huanza kidogo kidogo. Wazee hupelekwa kuhanda ithigi, yaani kuposa, wakiwa na mwati na harika, kondoo na mbuzi wa posa. Ruracio, yaani mahari, hujadiliwa, mara nyingi bwana harusi akiwa kwenye simu kutoka Dallas au Leeds. Na siku ya ngurario mbuzi huchinjwa, kiande, yaani bega lake, hukatwa, na mbele ya ukoo mambo yamekwisha. Mahakama zetu zimeichukulia ngurario kwa miaka mingi kuwa kiini cha ndoa ya kimila ya Wakikuyu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa hiyo sawa na ya kanisani, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu. Inasema hata mahari ya ishara tu yanatosha kuthibitisha ndoa pale mila inapodai mahari. Kisha inawataka wahusika wamjulishe Msajili wa Ndoa ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, kwa tamko la maandishi linalotaja mila iliyofuatwa, likiwa na sahihi au alama za mashahidi wawili watu wazima waliokuwa na kazi ya kimila katika sherehe yenyewe. Si rafiki yeyote aliyepita akala nyama. Ni wale waliozungumzia ruracio au waliosimamia kukatwa kwa kiande.

Kinachotokea tunakijua wote. Hema hukunjwa, viti vya kukodi hurudishwa, picha husambazwa kwenye kikundi cha familia, na hakuna anayekwenda kwa Msajili. Miaka minne baadaye mgeni anataka kuomba ukaazi, au mke aliyebaki Kerugoya anataka kumfuata mumewe ng'ambo, na ofisa anadai cheti. Hapo hukimbiliwa kwa wakili kuapa hati ya kiapo, na kwa chifu kuomba barua. Hati ya kiapo ni ushahidi wa mtu kuhusu alichokiona; haimfungishi mtu ndoa. Na wanaotumaini kwamba kuishi pamoja kutahesabiwa kuwa ndoa wajue kwamba Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Januari 2023 katika kesi ya MNK dhidi ya POM, ilisema dhana ya ndoa itokanayo na kukaa pamoja itumike kwa nadra na kwa masharti makali. Mtu anaweza basi kuwa mke kwa ukoo wote wa Tetu na bado asiwe mke mbele ya dirisha la uhamiaji. Lawama hapa ni yetu kuliko ya serikali.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu waliotutangulia katika jambo hili wameacha ushahidi mwingi. Marekani haiwekei idadi viza za wenzi wa raia wake. Mwenye viza ya kazi akifunga ndoa na raia anaweza kuomba ukaazi akiwa palepale. Lakini tangu 1986, kwa sheria iliyolenga udanganyifu wa ndoa, anayepewa ukaazi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili hupewa wa masharti. Katika siku 90 za mwisho za miaka miwili inayofuata, mume na mke huomba kwa pamoja masharti yaondolewe. Sheria hiyo ilipitishwa kwa kishindo cha takwimu moja: mwaka 1985 mkuu wa idara ya uhamiaji aliliambia Baraza la Seneti kwamba ndoa za uhamiaji zipatazo asilimia 30 zilishukiwa kuwa za uongo. Baadaye, kesi zilipofika mahakamani, idara yenyewe ilikiri kwamba uchunguzi uliozaa takwimu hiyo haukuwa na msingi wa kitakwimu. Takwimu ilikufa, sheria iliyozaliwa nayo ingali hai.

Yaliyofuata ni somo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilirudi nyuma na kuongeza msamaha kwa aliyepigwa au kuteswa na mwenzi wake, ili aweze kuomba peke yake. Mwaka 1994, katika sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, lilimruhusu mwenzi aliyenyanyaswa kuanzisha ombi lake mwenyewe, bila sahihi ya anayemnyanyasa. Kanada ilichelewa kujifunza. Mwaka 2012 iliweka sharti la miaka miwili ya kuishi pamoja kwa wenzi wapya, ikitaja udanganyifu. Mwaka 2017 ililifuta, kwa sababu lilikuwa likiwafunga watu walio hatarini katika nyumba za mateso. Ujerumani humpa mwenzi haki yake binafsi ya kukaa baada ya miaka mitatu ya maisha ya ndoa nchini humo, na huliondoa sharti la miaka hiyo pale penye mateso makubwa. Nchi hizi hazituzidi kwa huruma. Baadhi yake ni kali ajabu. Uingereza, kwa mfano, humtaka anayemleta mwenzi awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, kutoka 18,600, na njia yake ya ndoa huchukua miaka mitano kabla ya ukaazi wa kudumu. Machi 2024 ilimkataza mhudumu wa wazee na wagonjwa aliyeajiriwa kutoka nje hata kufuatana na mwenzi wake. Hata hivyo Uingereza nayo ina kanuni ya kumpa ukaazi mwenzi ambaye ndoa yake imevunjwa na ukatili. Mataifa yenye pesa za kuajiri wapelelezi wa ndoa yamefika mahali yakakubali kwamba kumfunga mtu kwa mwenzi wake ni njia mbaya ya kupima ukweli wa ndoa.

Wasikilizaji wanaoona Ulaya na Marekani hazitufai kama kipimo wana haki, na kwao nina ushahidi wa karibu zaidi, ambao naupenda kuliko ule wa kwanza. Mahakama za Afrika zimelishughulikia jambo hili kwa ujasiri. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ya Botswana ilimpa ushindi Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, ambaye watoto wake waliozaliwa palepale Botswana walinyimwa uraia kwa sababu baba yao ni mgeni. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe, katika kesi ya Rattigan, iliamua kwamba haki ya raia mwanamke ya kuishi katika nchi yake haina maana kama mumewe atafukuzwa, maana atalazimika kuchagua kati ya nchi na ndoa. Mwaka ule ule, katika kesi ya Salem, ilikwenda mbele: mume mgeni aruhusiwe kufanya kazi, kwa sababu familia isiyo na riziki inafukuzwa kwa njaa badala ya kufukuzwa kwa amri.

Kisha ikaja Dawood, Afrika Kusini, mwaka 2000. Kesi hii ilihusu hasa hali tunayoizungumzia: mgeni mwenye kibali cha muda, amefunga ndoa na raia, ameomba ukaazi wa kudumu, na sheria inasema anaweza kungoja nchini ikiwa tu kibali chake cha muda bado kinaishi. Ofisa angeweza kukataa kukiongeza bila sheria kumwambia akatae kwa sababu gani. Jaji Kate O'Regan aliandika uamuzi wa Mahakama ya Katiba, na msingi wake ulikuwa heshima ya binadamu: kuwatenganisha mume na mke ni kuugusa utu wao, kwa hiyo mamlaka ya kufanya hivyo hayawezi kuachwa yaelee hewani. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Booysen, mahakama hiyo ilipindua pia masharti yaliyomzuia mwenzi kufanya kazi akiwa anangoja. Hukumu za Harare na Johannesburg haziwabani majaji wetu, lakini katiba yetu inalinda utu katika Ibara ya 28 na familia katika Ibara ya 45, ambayo inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa ndoa. Usawa gani unakuwapo ikiwa mmoja anaweza kumtoa mwenzake nchini kwa kukataa kutia sahihi?

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye sauti kubwa, ni udanganyifu. Ndoa za makaratasi zipo. Kusema hazipo ni kujidanganya. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha hatia ya watu waliopanga ndoa za uongo na wanajeshi wastaafu ili kuingia nchini humo, kwa hiyo mchezo huu si wa leo. Lakini tuangalie ni kitu gani kinachomkamata mdanganyifu. Humkamata mahojiano ya mwanzo, ushahidi wa maisha ya pamoja, na adhabu. Marekani adhabu ni hadi miaka mitano jela na faini ya hadi dola 250,000, na aliyethibitika kufunga ndoa ya uongo hafunguliwi tena mlango wa ombi la ndoa. Kenya, kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji kinamkatalia uraia aliyefunga ndoa kwa ajili ya kupata makao, na Ibara ya 17 inaruhusu kuupokonya uraia uliopatikana kwa hila. Muda wa utegemezi haukamati mtu. Aliyelipia ndoa ya uongo ataendelea kulipa. Na aliyeuza ndoa hiyo hupata nafasi ya kupandisha bei kila pasi inapokaribia kuisha. Anayeumia ni aliyefunga ndoa ya kweli na mtu aliyegeuka. Kwa maneno mengine, kinga hii humtoza mkweli ada na kumwachia mwongo apite.

Tena kuna ugumu ambao wapelelezi wa mapenzi hawapendi kuutaja. Nia za watu katika ndoa zimechanganyika tangu zamani. Wazee wanaoketi kwa ruracio hawaulizi kama moyo wa kijana ni safi. Wanauliza ni mwana wa nani, ana mwenendo gani, atamtunza binti yao kwa kitu gani. Mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa dhati na wakati huo huo akafurahi kwamba hatarudishwa kwao. Sheria inaweza kuuliza kama watu hawa wanaishi kama mume na mke. Haiwezi kuuliza zaidi ya hapo bila kuwa mpekuzi.

Pingamizi la pili ni ajira. Vijana wa Nyeri wenye shahada wanaendesha bodaboda. Kwa nini mgeni apewe ruhusa ya kazi kwa sababu tu ameoa? Ni swali la haki, na halifai kupuuzwa. Lakini mwenzi wa raia hakuletwa na mwajiri kuja kumpokonya mtu nafasi. Tayari yuko, analala hapa, anakula hapa. Kumzuia kufanya kazi hakuongezi nafasi yoyote ila hupunguza kipato cha nyumba ya Mkenya, pamoja na watoto ambao ni Wakenya. Na tusisahau tunavyoishi. Fedha walizotuma Wakenya wa ng'ambo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, Marekani ikiwa chanzo kikuu. Karo, mabati na bili za hospitali katika vijiji vingi vya mlimani hutoka huko. Hatuwezi kudai wana wetu waruhusiwe kufanya kazi Houston baada ya harusi, halafu tukamfungia kazi mkwe wetu Nanyuki.

Pingamizi la tatu hutamkwa kwa sauti ya chini, lakini najua ndilo lenye mizizi: shamba. Katika nchi ambayo watu waliingia msituni kwa ajili ya ardhi, hofu kwamba mgeni ataingia ukoo kwa harusi na kutoka na hatimiliki inaeleweka kabisa. Jibu lake liko kwenye katiba. Ibara ya 65 inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na hati yoyote inayompa zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa ya miaka 99. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi nayo inazitaka bodi zikatae kuidhinisha uuzaji wa shamba la kilimo kwa asiye raia. Mwenye ukaazi wa kudumu bado si raia. Kumpa makao mapema, basi, hakusogezi mpaka wa shamba la mtu hata kwa hatua moja. Anayetaka kuilinda ardhi na aende bodi ya ardhi. Asimzuie mke wa mtu kufanya kazi zahanati.

Kinachohitajika si kikubwa. Kwanza, pasi ya mwenzi wa raia iruhusu kazi tangu siku inapotolewa, kwa mwajiri yeyote. Pili, mwenzi aweze kuihuisha mwenyewe kwa kuonyesha cheti cha ndoa na ushahidi wa makao, bila kungoja barua ya mwenzake. Tatu, huruma aliyopewa mjane ifike kwa aliyeteswa au kutelekezwa. Hatuhitaji kubuni njia mpya ya kuthibitisha mateso: Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 tayari inampa hakimu mamlaka ya kutoa amri ya ulinzi, na sheria hiyo inahesabu unyanyasaji wa kiuchumi na wa kisaikolojia pamoja na kipigo. Amri ya hakimu wa Nyeri au Embu iwe ushahidi wa kutosha mbele ya ofisa wa uhamiaji kwamba muda wa ndoa uendelee kuhesabiwa. Kuhusu miaka mitatu ya kifungu cha 37, sina ugomvi nayo sana, mradi mtu aipitishe akiwa na kibali chake mwenyewe. Muda si tatizo kubwa kama umiliki.

Nawaomba wabunge wa Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru, Tharaka-Nithi na Laikipia, ambao karibu kila mmoja wao amealikwa kwenye harambee ya tiketi ya ndege, walipeleke jambo hili bungeni kama walivyokuwa wakilipeleka jambo la wana wao walioko ng'ambo. Na kwenu mliofanya ngurario na hamna cheti: miezi mitatu ya sheria huanza siku ile ile sherehe inapokamilika. Watafuteni wale wazee wawili waliosimamia sherehe yenu wangali hai na kumbukumbu zao zingali nzuri, mwende nao kwa Msajili. Hata waliopitiwa na muda waende wakaulize la kufanya, kwa sababu ofisa wa uhamiaji, wa Nairobi au wa London, atawadai cheti.